Viashiria vya kasi na kugeuka kwa bei za hisa: vinatufaa kiasi gani katika soko la Nairobi?

#1 Mkaazi wa Umoja (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Kila ninapokaa na wenzangu wanaonunua hisa, swali huwa ni lile lile: RSI (Relative Strength Index, kipimo cha kasi ya bei kinachokwenda kutoka 0 hadi 100) ya hisa fulani imeshuka chini ya 30, kiwango kinachoitwa “imeuzwa kupita kiasi”, je, si wakati wa kununua? Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi mno, na sasa nimeona afadhali niliandike mahali pamoja na hesabu yake, kwa sababu naamini wengi wetu tunaisoma namba hii bila kujua imetoka wapi.

RSI ilibuniwa na Mmarekani J. Welles Wilder, aliyesomea uhandisi wa mitambo, na akaieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1978. Hesabu yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unachukua siku 14 za biashara, unajumlisha nyongeza zote za bei na kugawanya kwa 14, kisha unajumlisha mapungufu yote na kugawanya vivyo hivyo. Tuseme wastani wa nyongeza ni senti 20 na wastani wa mapungufu ni senti 40. Uwiano wake ni 0.5. Unagawanya 100 kwa 1.5, unapata 66.7, unaitoa katika 100, na RSI yako ni 33.3. Kesho yake hisa ikipanda senti 60, huanzi upya. Unazidisha kila wastani wa jana kwa 13, unaongeza cha leo, unagawanya kwa 14, na RSI inapanda hadi 38.1. Hayo ndiyo yote. Hakuna habari za kampuni ndani yake, hakuna faida wala deni, hakuna hata idadi ya hisa zilizouzwa.

Kwa hiyo kipimo hiki hakipimi kama hisa ni ghali au ni rahisi. Kinapima mwendo. Anayepanda matatu kutoka Museum Hill kuelekea Westlands anajua kwamba gari haliwezi kugeuka bila kwanza kupunguza mwendo, lakini anajua pia kwamba si kila matatu inayopunguza mwendo inageuka. Nyingi zinasimama tu kupakia abiria, kisha zinaendelea na safari ile ile.

Sasa tazameni kosa lilipo. RSI ya 25 haisemi kwamba mwendo wa kushuka umepungua. Inasema kinyume chake, kwamba hisa inateremka kwa kasi kali. Kinachoonyesha kupungua kwa mwendo ni pale bei inaposhuka chini kuliko mara iliyopita huku kipimo kikikataa kushuka pamoja nayo. Kwa mfano, hisa inashuka hadi Sh18.20 na RSI inafika 24. Inapanda hadi Sh20.00 na RSI inafika 46. Kisha inashuka tena hadi Sh17.60, lakini safari hii RSI inaishia 33. Bei imeweka bonde jipya, kipimo hakikuweka. Mimi huita hali hiyo kuachana kwa bei na kipimo, na Wilder mwenyewe aliitilia mkazo. Baada ya hapo kipimo kikipanda kupita 46, kilele chake cha katikati, dalili inakuwa na uzito zaidi. Kwenye vilele mambo ni yale yale yakigeuzwa.

Hata hivyo, mimi sinunui kwa kuachana peke yake. Husubiri bei yenyewe ifunge juu ya Sh20.00, yaani juu ya kilele kilichotenganisha mabonde yale mawili. Najua gharama ya kusubiri huko: kutoka Sh17.60 hadi Sh20.00 ni karibu asilimia 14, na sehemu hiyo yote ya faida naiachia wengine. Nimeridhika nayo, na sababu zilizonifikisha hapo nitazieleza mtu akiuliza.

#2 Binti wa Kasarani

Asante kwa maelezo, kaka. Mimi naomba kuuliza kwa faida ya wanaoanza. Nina hisa moja ndogo ambayo nimekuwa nikiifuatilia, na programu ya simu inaonyesha RSI yake ni 28. Imekaa hapo hapo kwa zaidi ya wiki moja. Je, kukaa chini ya 30 kwa muda mrefu hivyo hakumaanishi kwamba wauzaji wameishiwa nguvu na bei iko karibu kupanda?

#3 Mkaazi wa Umoja

Dada, swali lako ni zuri kuliko ulivyokusudia, na nitakuomba kwanza utazame kama hisa hiyo iliuzwa kweli katika wiki hiyo.

Rudi kwenye hesabu yangu. Wastani wa nyongeza ni senti 20, wa mapungufu senti 40. Tuseme kesho hakuna hata hisa moja iliyouzwa, na orodha ya bei inarudia bei ya jana. Nyongeza ni sifuri, pungufu ni sifuri. Kila wastani unazidishwa kwa 13 na kugawanywa kwa 14, kwa hiyo zote mbili zinapungua kwa kiwango kimoja, na uwiano unabaki 0.5. RSI inabaki 33.3. Siku inayofuata hivyo hivyo, na inayofuata. Hisa inaweza kulala wiki tatu bila mnunuzi wala muuzaji, na kipimo kikaendelea kuonyesha namba ile ile kana kwamba kuna mtu bado anauza kwa pupa. Kipimo hakikosei hesabu. Ni sisi tunaokiuliza habari za soko ambalo halikufunguka.

Na kuna jambo la pili, baya zaidi. Kadiri hisa inavyolala, wastani zote mbili zinazidi kuwa ndogo, na biashara ya kwanza inayotokea inazitikisa kupita kiasi. Katika mfano wangu, kupanda kwa senti 60 kulipeleka RSI kutoka 33.3 hadi 38.1. Ukiweka siku 10 za usingizi kabla ya kupanda huko, senti 60 zile zile zinaipeleka hadi 42.6. Mtu mmoja aliyenunua hisa chache kwa bei ya juu kidogo ameandika chati yako kwa niaba ya soko zima.

Jambo hili linatuhusu sisi hapa kuliko wanaofanya biashara New York, kwa kuwa vitabu vingi tunavyosoma vimeandikwa kwa masoko ambayo hisa zake hazikosi mnunuzi hata dakika moja. Katika soko letu la hisa la Nairobi, NSE, hisa zinazouzwa kwa wingi kila siku ni chache. Safaricom, Equity, KCB na nyingine chache zinaweza kuchorewa chati ya siku ikaeleweka. Nyingine nyingi zinahitaji chati ya wiki, na baadhi hazihitaji chati kabisa.

Kuna na mifano ya ajabu. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa Julai 2020 na kurejea sokoni Januari 2025. Kwa kipimo cha siku 14 za biashara, siku ya kwanza ya 2025 ilifuatana moja kwa moja na siku ya mwisho ya 2020. Aliyeisoma RSI ya wiki ile ya kwanza alikuwa akichanganya abiria wa enzi ya korona na wa leo katika wastani mmoja.

#4 Karani Mstaafu

Kijana, nimekusoma kwa makini na hesabu zako sina tatizo nazo. Mimi nilifanya kazi katika ofisi ya dalali mmoja mjini tangu enzi za oda kuandikwa ubaoni, kabla ya biashara ya kompyuta kuingia mwaka 2006, na nitasema wazi kwamba katika miaka hiyo yote sikuona chati ikigeuza bei. Bei hugeuzwa na pesa. Tukumbushane ya juzi tu. Safaricom ilipita Sh40 mwaka 2021, na kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya Sh15. Katika mteremko ule, chati ya wiki ilishuka chini ya 30 mbele ya macho yetu, na walionunua kwa sababu hiyo mwaka 2022 walizidi kuzama. Wawekezaji wa kigeni walikuwa wakitoka, dola ilikuwa ikipanda, na serikali ilikuwa ikilipa riba ambayo hisa haziwezi kushindana nayo. Hatifungani ya miundombinu ya Februari 2024 ilitoa zaidi ya asilimia 18, tena bila kodi. Nani angeacha hiyo akanunue hisa kwa sababu ya mstari wa chati?

Kisha Februari hiyo hiyo Kenya ikakopa dola bilioni 1.5 na kuanza kulipa mapema deni la Eurobond (hatifungani ya dola iliyouzwa nje ya nchi) lililokuwa linaiva Juni. Shilingi iliyokuwa imepita 160 kwa dola ikarudi karibu na 130. Fahirisi ya NASI, inayopima hisa zote za NSE kwa pamoja, iliyoanguka kutoka takriban pointi 127 hadi 92 mwaka 2023, ikapanda kwa asilimia 34 hivi mwaka 2024. Hapo ndipo bei ziligeuka, na sababu yake ilisomwa magazetini. Hayo ya kuachana na kuoana kwangu ni ramli.

#5 Mkaazi wa Umoja

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe katika sababu, na sijadai popote kwamba RSI husababisha chochote. Lakini naomba tutenganishe mambo mawili: kujua kwa nini bei imegeuka, na kujua ni lini mimi mwenye Sh50,000 niweke oda yangu. Habari za Februari 2024 tulizisoma sote siku moja. Wachache sana waliamini siku hiyo hiyo kwamba ndiyo mwisho wa mteremko, kwa sababu tulikuwa tumeshasikia habari njema nyingine hapo katikati na bei zikaendelea kushuka. Kipimo cha kasi kinanisaidia kuona kama soko limeanza kuitikia habari ile au limeipuuza.

Kuhusu mteremko wa Safaricom, mfano wako ndio hasa ulionifundisha. Mwaka 2022 nilinunua hisa, jina la kampuni nitalihifadhi, kwa sababu moja tu kwamba RSI yake ilikuwa 27. Ikapanda kidogo nikajipongeza. Ikashuka tena, RSI ikafika 26, nikaongeza nyingine kwa kuwa sasa ilikuwa “rahisi zaidi”. Nilifanya hivyo mara tatu. Mke wangu aliniuliza kama duka linaloshusha bei kila wiki halinitii wasiwasi kuhusu bidhaa zake, na sikuwa na jibu.

Nilichokuwa sijakijua ni kwamba katika mteremko mrefu RSI hubadilisha makazi. Badala ya kuzunguka kati ya 30 na 70, huzunguka takriban kati ya 20 na 60. Kila ikikaribia 60, wauzaji wanarudi. Katika kupanda kurefu, huzunguka kati ya 40 na 80 na zaidi, na anayeuza kila ikipita 70 anajitoa kwenye faida mapema mno. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama hisa imeuzwa kupita kiasi, ni lazima kwanza ujue imo katika safari au imesimama kituoni. Wilder aliliona hilo, na katika kitabu kile kile alitoa kipimo kingine, ADX, cha kupima nguvu ya mwelekeo bila kujali ni wa juu au wa chini. Wengi huchukulia ADX iliyo juu ya 25 kuwa ishara ya mwelekeo wenye nguvu. RSI ya 27 na ADX ya 38 zikikutana katika mteremko, mimi siku hizi naenda zangu kunywa chai.

#6 Mwalimu wa Takwimu

Naomba niongeze jambo moja ambalo naona linasahaulika katika mijadala ya aina hii, nalo ni muda. Neno “kasi” linatumiwa na wachoraji wa chati na watafiti wa vyuo kwa maana zinazokaribia kupingana. Mwaka 1993 Narasimhan Jegadeesh na Sheridan Titman walichapisha utafiti wa hisa za Marekani ulioonyesha kwamba hisa zilizofanya vizuri katika miezi mitatu hadi 12 iliyopita zilielekea kuendelea kufanya vizuri katika miezi iliyofuata. Miaka minane kabla yao, 1985, Werner De Bondt na Richard Thaler walikuwa wameonyesha kwamba katika vipindi vya miaka mitatu hadi mitano mambo hugeuka: hisa zilizoanguka sana zikawapita waliokuwa washindi.

Ukiyaweka pamoja, swali la “je, hisa iliyoshuka sana itapanda?” halina jibu moja. Inategemea imeshuka kwa muda gani na wewe unasubiri kwa muda gani. Anayenunua kwa sababu hisa imeshuka miezi sita, akitarajia igeuke mwezi ujao, anasimama mahali ambapo ushahidi wa Marekani uko dhidi yake. Wala asidhani kwamba ushahidi huo unahamia Nairobi bila kupimwa upya, kwa sababu zile zile ulizozieleza za hisa zinazolala.

Kwa wanaotaka kupima wenyewe: andikeni kila ishara, si zile mnazozikumbuka tu. Akili hutunza ishara zilizofaulu na kuzifukia zilizoshindwa.

#7 Mwanafunzi wa Soko

Mimi nimekuwa nikitumia vipimo vitatu pamoja, yaani RSI, stokastiki na MACD, na sinunui mpaka vyote vikubaliane. Naona hakuna aliyevitaja hivyo vingine. Je, kukubaliana kwa vitatu si uthibitisho wa kutosha?

#8 Mkaazi wa Umoja

Ndugu, ukiwatuma watoto watatu wa nyumba moja wakuletee habari, na wote wamezisikia kwa mama yao, umepata shahidi mmoja. Stokastiki, aliyoieneza George Lane wa Chicago tangu miaka ya 1950, inauliza bei ya kufunga iko wapi kati ya bei ya chini kabisa na ya juu kabisa ya siku 14. MACD ya Gerald Appel, ya miaka ya 1970, inatoa wastani wa siku 26 katika wastani wa siku 12, kisha inalinganisha tofauti hiyo na wastani wake wenyewe wa siku tisa. Zote zinakula chakula kimoja, bei za nyuma. Zikikubaliana ni kwa sababu ya undugu wao. Tofauti kubwa ni ya tabia: stokastiki hupiga kelele mapema na mara nyingi, MACD huchelewa lakini haibabaiki sana.

Ukitaka shahidi wa pili wa kweli, mtafute nje ya bei. Idadi ya hisa zilizouzwa ni mmoja. Bonde la pili likija na mauzo madogo kuliko la kwanza, na kupanda kunakofuata kukaja na mauzo makubwa, hapo kuna habari mpya. Ununuzi na uuzaji wa wageni ni shahidi mwingine, na ripoti za nusu mwaka ni mwingine.

Na kabla ya yote, hakikisheni bei mnazoingiza ni safi. Hapa nitang’ang’ana kidogo, mnisamehe. Equity ilipogawanya kila hisa moja kuwa 10 mwaka 2009, chati isiyorekebishwa ilionyesha anguko la asilimia 90 ambalo halikumpunguzia mtu hata senti. Gawio nalo lina mchezo huo huo kwa kiwango kidogo. Standard Chartered ilipotangaza gawio la mwisho la Sh37 kwa hisa kwa mwaka wa 2024, mtu yeyote angetarajia bei ishuke baada ya daftari la wenye hisa wanaostahili gawio kufungwa, kwa kuwa mnunuzi mpya hapati pesa hizo. Kipimo hakijui hayo. Kinaona mteremko mkali na kukupigia tarumbeta ya “imeuzwa kupita kiasi”. Msimu wa kufunga madaftari ya benki ukifika, mimi hutazama tarehe kwanza, chati baadaye.

Jambo jingine: bei ya kufunga ya NSE ni wastani wa bei za siku nzima kwa kuzingatia idadi ya hisa zilizouzwa, wala si bei ya biashara ya mwisho kabla ya saa tisa alasiri. Kwa hiyo mgeuko uliotokea ndani ya siku, asubuhi ikishuka na alasiri ikipanda, haujitokezi wote siku hiyo. Wanaotegemea mishumaa ya kugeuka (michoro ya bei za siku moja moja), ile yenye utambi mrefu chini, wakumbuke hilo.

#9 Karani Mstaafu

Sasa unazungumza kama mtu aliyewahi kushika oda mkononi. Lakini hujataja ada, na hapo ndipo nimeona vijana wengi wakimalizikia.

#10 Mkaazi wa Umoja

Ni kweli mzee, nimelipita. Kwa mteja mdogo, ada ya dalali pamoja na tozo nyingine zinaweza kukaribia asilimia 2 wakati wa kununua na nyingine kama hizo wakati wa kuuza. Ukinunua kwa Sh20.00, hisa imekugharimu Sh20.40, ili urudishe pesa zako tu, ni lazima uiuze kwa takriban Sh20.82. Mgeuko wa asilimia 4 ni wa dalali, si wako. Ndiyo maana ishara ndogo ndogo za stokastiki, ambazo katika masoko ya ada nafuu huenda zikamlisha mtu, hapa mimi siziangalii. Natafuta migeuko michache inayoweza kufika asilimia 15 au 20, na mwaka mwingine huwa napata miwili tu.

Na kwa kuwa mtu wa kawaida hapa hana njia rahisi ya kuuza hisa asiyokuwa nayo, dalili za kugeuka kileleni zinatufaa kwa kazi moja, kuamua kama tupunguze tulizonazo.

#11 Binti wa Kasarani

Nimerudi na jibu la swali ulilonipa. Nimepekua orodha za bei za siku 14 zilizopita, moja baada ya nyingine. Siku tisa hakuna hisa hata moja iliyouzwa. Siku mbili ziliuzwa hisa zisizofika 300. Ile 28 niliyokuwa nikiitazama kila asubuhi nikiwa kwenye matatu imetokana na muuzaji mmoja, Jumatano ya wiki mbili zilizopita.

Nilikuwa nimeshaweka oda ya kununua. Nimeifuta jioni hii, na sasa nachora upya kwa bei za wiki nione kama kuna kitu.

#12 Mkaazi wa Umoja

Ukimaliza kuchora, dada, weka hapa mabonde mawili ya mwisho, bei na RSI yake, pamoja na idadi ya hisa zilizouzwa kila wiki. Na uangalie kama daftari lao limefungwa karibuni.